Wa Mwisho Kwenye Moto

Wilibrodi alifika wa mwisho tena. Moto umeshazimwa, watu wameketi chini wanajipangusa masizi, ndipo naye anatokea mbio, shati limelowa jasho, anauliza, "Vipi, umezimika?"

"Umezimika bwana, ulikuwa unakungoja wewe uje uuage," mmoja alimjibu, na watu wakacheka mpaka wakapaliwa na moshi.

Kikundi cha zimamoto cha kijiji kile, njia ya kwenda Kaengesa, kina sheria mbili tu. Anayefika wa mwisho anabeba ndoo zote kuzirudisha. Na aliyechelewa hana maneno: asilete sababu, asijitetee. Basi Wilibrodi akaokota ndoo, akazipachika mikononi, akaenda zake. Mwaka mzima hakuna mwingine aliyewahi kuzibeba.

Kikundi chenyewe ni cha kujitolea, lakini usikidharau. Gari la zimamoto liko Sumbawanga mjini, mbali, na ikifika Agosti upepo unavuma na wawinda panya wanachoma nyasi hovyo. Ghala la mahindi likishika moto halingoji gari. Rimu ikilia, watu wanatupa majembe, wanavunja matawi mabichi, wanakimbia kwenda kuupiga moto.

Rimu hiyo ni ya lori chakavu, imening'inizwa juu kilimani kando ya kanisa la kigango, mahali unapoona mashamba yote ya kijiji. Ukiigonga kwa nondo inasikika mpaka kijiji cha pili. Na anayeigonga, kila mtu anajua, ni Katekista Alphonce, maana nyumba iliyoko kule juu ni yake peke yake. Kila moto ukizimwa, Mwenyekiti wa kikundi, Kalisti, humfuata na kumpa mkono. "Katekista, bila wewe tungekwisha." Naye Katekista hujibu kwa upole, "Tumshukuru Mungu."

Sasa huyo Kalisti ana binti, Jane, na hapo ndipo balaa la Wilibrodi lilipo. Wilibrodi anampenda Jane, Jane anampenda Wilibrodi, mama mtu ameshakubali zamani. Kalisti hataki hata kusikia.

"Mchumba gani huyo?" alifoka. "Anafyatua matofali kule kule kilimani, moshi anauona kabla ya watu wote, miguu anayo mirefu kama nini, na bado anafika wa mwisho! Nyumba yako ikiwaka, mwanangu, huyo atakuja kukusaidia kuzoa majivu."

Jane alimfuata Wilibrodi kwenye matofali yake, amekasirika kweli.

"Si uwaambie unachelewa kwa nini?"

Wilibrodi alicheka, miguu iko kwenye tope. "Wananitania tu hao. Baba yako anaijua kazi yangu."

Jane akaondoka bila kuaga. Mtu anakaribia kukosa mke, yeye anacheka!

Jumapili, baada ya ibada, kikundi kikakutana uani kwa Kalisti. Ajenda ilikuwa moja, Wilibrodi. Katekista alifungua kwa sala, akapewa kikombe cha togwa, akaketi kando ya Mwenyekiti.

"Shikamooni wazee," Wilibrodi alisalimia. Safari hii hakuwa anacheka. "Mwenyekiti, naomba niseme. Mimi kule juu huwa…"

"Aliyechelewa hana maneno!" wakadakia wote kwa pamoja.

Mikono ikanyooshwa. Kuanzia siku ile Wilibrodi si mwanakikundi tena, na asikanyage penye moto. Na mambo ya uchumba, Kalisti akaongezea, nayo yaishie hapo hapo. Jane, aliyekuwa mlangoni, aliiachia sufuria ikaanguka kwa kishindo, na haikuwa bahati mbaya. Wilibrodi alisimama kidogo, machozi yanamlengalenga, mtu mzima yule. Kisha akageuka, akashika njia ya kilimani.

Hawajamaliza hata togwa, rimu ikalia.

Ililia kwa fujo, bila kupumzika. Watu wakaruka, wakatoka nje ya ua, na ndipo wakauona moshi nyuma ya nyumba: shambani kwa Kalisti mwenyewe, nyasi zinawaka na upepo unauelekeza moto kwenye lundo la ulezi wake wote wa mwaka. Jamani, walikimbia! Walipiga matawi mpaka yakabaki vijiti, kina mama wakamwaga maji, na moto ukafia pembeni kabisa mwa lile lundo. Kalisti akakaa chini akalia mbele za watu, hakujali.

Alipopata nguvu alimfuata Katekista, akamshika mikono yote miwili.

"Katekista, nikupe nini mimi? Ungechelewa kidogo tu kuigonga, wanangu wangekula nini?"

Katekista alimshangaa. "Kugonga nini? Si tulikuwa wote pale uani, nimekaa kando yako nakunywa togwa? Siku zote mnanishukuru, nikajua ni kwa ajili ya sala."

Nyuma yao zikasikika mbio. Wilibrodi alifika wa mwisho, kama kawaida yake, anahema, nondo ameisahau mkononi. Alisimama mbali, maana alishakatazwa kusogea.

"Vipi," akauliza, "umezimika?"

Mwenyekiti Kalisti aliitazama ile nondo, akainama, akaanza kuokota ndoo moja moja.

"Jane," aliita bila kuinua uso, "mletee mchumba wako togwa."