Gurudumu la Sita

Gurudumu la sita liligoma kushika. Elinipa alifuta gundi kwa pindo la khanga, akapaka nyingine, akalibana kwa vidole akihesabu kimoyomoyo. Jeneza lingefungwa saa saba, na saa sita ilikuwa imeshapita. Lori hili lazima liende na mwenyewe.

Lilikuwa lori la jeshi la plastiki, urefu wake shubiri moja, la kuunganisha kipande kwa kipande. Rodrick, mwanawe Elinipa aliye jeshini, ndiye aliyelileta. Abdiel alilipokea utadhani amepewa gari la kweli. Tangu siku hiyo meza ya chakula pale Sekei ikageuka gereji, watu wakawa wanakula wamepakata sahani.

“Mke wangu, usiguse,” alikuwa akimwambia Elinipa. “Magurudumu nitafunga mwenyewe. Nitakupandisha nalo mpaka Meru juu kabisa.”

“Mume gani wewe, hata kuoga mpaka ubembelezwe?”

Abdiel alicheka mpaka mapengo yote yakaonekana.

Kusema kweli, Elinipa alimdekeza. Jina lenyewe, Abdiel, alilipenda tangu usichana wake. Moyo ulipoanza kumsumbua, miguu ikavimba, akawa hapandi kilima cha nyumbani bila kukaa njiani mara mbili, ni Elinipa aliyelala naye kitanda kimoja akimsikiliza anavyohema. Hospitali walifanya walichoweza. Alikuwa amefunga magurudumu matano.

“Mama, mchungaji ameshafika,” Hanna, mke wa Rodrick, alisema mlangoni. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. “Liache tu. Matano yanatosha.”

“Kwa milima hii? Hayatoshi, mwanangu.”

Gundi ikashika. Elinipa alilisukuma lori kidogo mezani, likaenda. Akalichukua hadi sebuleni, akaliweka chini ya mkono wa Abdiel, akamwinamia.

“Haya, mume wangu. Tangulia.”

Wanawake wakamshika, wakamkalisha.

Kifuniko kikafungwa. Rodrick akainama, akalinyanyua jeneza peke yake, akalikumbatia kifuani, na darasa la pili zima, na sare zao, likamfuata kaburini.