Kayabo ya Shemeji

"Mbona shemeji yako hali chakula kwako?"

Wilhelmina, jirani yake Selina, aliuliza hivyo siku ya tatu ya matanga, ameinama anasugua sufuria za waombolezaji. Aliuliza taratibu, kama mtu aliyeona uzi kwenye nguo ya mwenzake.  Tangu saa hiyo Selina akaanza kuangalia.

Ni kweli. Shigela, mdogo wa marehemu Venant, mume wa Selina, alifika pale Igogo kila asubuhi. Alipasua kuni, alichota maji, lakini sahani ikitokea tu anasimama. "Nimeshiba, shemeji." Mwanamume wa kumaliza ugali wa watu watatu, kashibia wapi?

Hospitali walikuwa wamesema kilichomuua Venant ni sumu. Dawa ya kuulia wadudu wa pamba, ile ile ambayo watu walianza kuimwaga ziwani tangu viwanda vya minofu vifunguliwe na kila mtu akataka sangara wa haraka. Venant alikuwa katibu wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Jumapili, mbele ya watu waliotoka misa, alisema wiki haitaisha kabla hajasoma majina ya wanaovua kwa dawa. "Hata kama ni damu yangu," alisema, na watu wakamgeukia Shigela, kwa sababu mtumbwi wake ulikuwa na injini mpya.

Ijumaa mchana Venant alikula kayabo, samaki mkavu wa chumvi, aliyoletewa na Shigela huyo huyo. Selina hakuigusa, ilikuwa Kwaresima na alikuwa amefunga. Baadaye vidonda vya tumbo vikaanza kumsumbua mume wake, kama kawaida yake, na Wilhelmina, kama kawaida yake, akaja mbio na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu. Kabla ya saa kumi Venant alikuwa amekata roho, mkono umekamata mguu wa meza.

Wilhelmina hakumwacha mjane. Alikuwa na mitumbwi miwili ya kuvulia sangara kule Kigongo na watu wa kuisimamia, lakini kwa siku arobaini alilala chumba kimoja na Selina, akamfulia, akasali naye. "Mitumbwi itajivulia yenyewe, Selina. Wewe kwanza." Vyombo vya majirani vilirudishwa kimoja kimoja, ile chupa ya maua tu ndiyo ilibaki juu ya kabati, mwenyewe wala hakuiulizia. Kuna watu wana moyo, Selina aliwaza.

Jambo moja tu Wilhelmina hakulisahau. "Yule hali," alinong'ona. "Anayeogopa chungu cha mjane anajua alichofanya."

Siku ya arobaini ilipofika, padre alisali akaondoka, jumuiya nayo ikaondoka. Wakabaki watatu. Selina alikuwa ameihifadhi nusu ya kayabo ile, imening'inia juu ya jiko ndani ya gazeti. Aliichemsha, akaiunga karanga, akaiweka mbele ya Shigela. Kwao, aliyeleta chakula ndiye huonja kwanza, wenzake watulie.

"Shemeji, hii ni ile kayabo yako. Ndiyo iliyobaki. Uliileta wewe, onja."

Wilhelmina aliinamisha kichwa, rozari mkononi.

Shigela alitazama bakuli.

"Niliinunua kwa watu wa dawa," akasema. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua wanavua hivyo. Nikajidanganya kwamba chumvi inaimaliza ile dawa. Alipokufa nikaogopa kusema. Nitakulaje chakula chako, shemeji, na mimi ndiye niliyemuua kaka?" Akamega tonge, akachovya, akachukua na kipande kinene cha samaki. "Kama ndiyo yenyewe, basi nimfuate."

Asubuhi Selina alikuwa amemwapia Mungu kwamba ataukamata mkono ule kabla haujafika mdomoni. Mkono wake mwenyewe haukunyanyuka.

Shigela alikula yote. Wakangoja. Rozari moja ikaisha, ya pili ikaanza, kivuli cha mlango kikatambaa mpaka kwenye mafiga. Shigela akajishika tumbo. Selina akafumba macho.

"Shemeji," Shigela akasema kwa aibu, "ugali umebaki?"

Selina alilia. Siku arobaini alikuwa amemhukumu mtoto wa watu, tena kila siku amepiga magoti.

Alipojifuta machozi, akaishusha ile chupa ya maua kutoka kabatini. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na asubuhi alikuwa amekijaza uji wa ulezi, wa moto, ili amrudishie mwenzake kwa shukrani.

"Dada, Mungu atusamehe sisi wawili, tumemsingizia," alisema. "Chupa yako hii, sijaitumia tangu siku ile. Tunywe wote watatu, tuumalize msiba." Akamimina kikombe kimoja, akakisogeza. "Anza wewe. Chupa ni yako."

Wilhelmina akatazama kikombe. Akatazama chupa. Mvuke ukapungua, ukaisha, uji ukafanya utando juu. Shigela akaacha kutafuna.

"Dada?"

Wilhelmina alijifunga kanga. Mlangoni aliokota kandambili zake, hakuzivaa, akatoka. Chupa yake akaiacha tena.