Sahani ya Mkwe

Kwaru, kwaru. Kabla hakujapambazuka, Theodosia alikuwa akikwangua mawese yaliyoganda kwa baridi ya Kasulu, polepole, ili mumewe asiamke akayatamani.

Mzee Ildefonsi alikuwa na ini lililojaa mafuta. Daktari alisema asipopunguza uzito, ini litaharibika kabisa. Mwezi wa tatu sasa alikuwa akila maharage ya kuchemsha, mboga za majani na ugali wa kiganja kimoja. Mawese yalikuwa ya mgeni tu: mkwewe Bazilio, aliyekuja kila Jumamosi kutoka Kibondo kuuza maharage. Na leo ilikuwa Jumamosi.

Juzi, kliniki, mzee alipanda mizani. Kilo tisini na moja. Zimeongezeka mbili.

"Bibi, unampikia nini huyu?" nesi aliuliza.

"Vya kuchemsha, mwanangu."

"Mafuta?"

"Hata tone."

Wanawake kwenye benchi walitazamana. Mmoja akasema, "Mapenzi hayo," wakacheka. Theodosia alitazama miguu yake. Nesi alimshika bega kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza zaidi. Mzee, kando yake, alikuwa akifunga viatu. Alivifunga muda mrefu.

Saa saba mchana Bazilio alifika, mwembamba kuliko wiki iliyopita. Theodosia alimwonea huruma, akamwongezea paja la pili la kuku.

Kwa desturi yao mama mkwe hamtazami mkwewe akila. Alipitisha sahani mbili, ya mgeni kuku wa mawese, ya mzee maharage, akashusha pazia. Kila Jumamosi zote mbili zilirudi tupu.

Lakini leo hakurudi jikoni. Alitaka kumwomba mkwe, bila kuonana macho, ampeleke mzee hospitali ya Kigoma, kwa kuwa yeye ameshindwa kumtunza. Alisimama nyuma ya pazia, akitafuta pa kuanzia.

"Baba," Bazilio alinong'ona ndani, "leo niachie hata paja moja. Maharage nayauza wiki nzima, nikija hapa nayala tena. Na mama akijua, nitaweka wapi uso?"

Mzee alimaliza kwanza kufyonza mfupa.

"Kula, mkwe, usimuudhi mama yako. Na Jumatano, huwezi kupita tena?"