Mluzi wa Kidavi

Wasindwi waliishi katika msitu mnene, ambamo jicho halifiki mbali. Kwao mama humpa mtoto mluzi wake wa kuitiwa kabla hajampa jina. Mama akiupiga, mwana huitika kwa mluzi uleule, hata akiwa na tonge mdomoni. Asiyeitika huhesabiwa maiti, na mluzi wake haupigwi tena na mtu.

Siku Kidavi, aliyekuwa ameuhama msitu, aliporudi pamoja na wakata magogo wa kigeni, mama yake, Machelu, alilamba midomo iliyomkauka, akapiga: juu, chini, na kikunjo kidogo mwishoni, kama mtoto anayecheka.

Bega la kushoto la Kidavi likacheza, kama lilivyocheza tangu utotoni kila alipoitwa.

"Kidavi, nyani wenzio wanakuita!" mkata magogo mmoja akamtania. Wote wakacheka.

"Ndege tu huyo," akasema Kidavi, akaendelea kuupaka mti alama nyekundu.

Wifi yake Machelu akamshika mkono. "Vua shanga, wifi yangu. Twende tukamlilie."

"Labda hakusikia."

"Kasikia. Bega umeliona, nami nimeliona."

Machelu akavua shanga, taratibu, kama anayemvua mtoto nguo amwogeshe.

Ndipo juu ya mti ule wenye alama akalia ndege, aliyekuwa amemsikia Machelu miaka yote akimwita mwanawe. Akaupiga mluzi wote, hata kile kikunjo cha mwisho.

Machelu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, asije akaitika.