Sauti Kwenye Meza ya Dawa

Sauti ya Apolonia ilikuwa mnadani Katoro, na Apolonia mwenyewe alikuwa nyumbani anaosha vyombo.

Stanslaus alisimama kama mtu aliyepigwa ngumi. Alikuwa ametoka kununua betri za tochi ya kushukia duarani, lile shimo refu wanamochimba dhahabu. Mbele yake palikuwa na meza ya dawa, makopo yamepangwa, spika imening'inizwa kwenye mwavuli. Ndani ya spika, mke wake alikuwa anasema:

"Nimeolewa miaka tisa. Mume wangu ananipenda, ananilisha, sina la kumlaumu. Lakini chumbani, jamani, ni kidogo. Nalala na njaa. Wanawake tunapenda kubwa, tunaona aibu tu kusema. Baba, usimtese mwenzio. Dawa ipo hapa."

Hakuwa amekosea. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikianzisha nyimbo kanisani kila Jumapili, na miaka tisa ilikuwa ndiyo miaka yao. Watu walikuwa wanacheka. Mzee mmoja alijipiga mapaja, akamwambia mwanamume aliyesimama karibu naye, "Mwenye mke huyo, ngosha, ana kazi!" Stanslaus akacheka pamoja nao, maana angefanya nini?

Alilizunguka soko mara mbili, kisha akarudi akanunua kopo.

"Paka, halafu funga na mpira nusu saa," muuzaji alimwambia bila kumtazama. "Usizidishe."

Nyumbani alimwangalia mkewe kama ndiyo kwanza anamwona leo. Kumbe miaka yote hiyo, kule kumng'ang'ania shingoni, kule kuhema, alikuwa anamhurumia tu? Apolonia hakujua lolote. Majuma hayo alikuwa na furaha. Alikuwa akileta nyama hata siku za katikati ya wiki, na akiulizwa imetoka wapi, anacheka. Na kwa vitendawili mwanamke yule ulikuwa humwezi. Siku hiyo, akimnawisha mumewe mikono, akasema:

"Baba Nelly, kitendawili."

Stanslaus aliendelea kunawa.

"Si useme tega, bwana!"

"Tega."

"Nimekaa jikoni kwangu, naongea na Katoro nzima."

Stanslaus akaiondoa mikono kwenye maji. Kwa hiyo hata haya hana. Anamtania usoni.

"Nipe mji nikwambie," Apolonia alisema, kicheko kimeshamtoka.

"Sina mji wa kukupa." Akainuka. Ugali ukabaki unafuka moshi.

"Basi nipe Kishapu, kwenu. Hutaki? Nipe hata Nkome, nikale sato. Baba Nelly? Mwenzio nilikuwa nataka kukwambia jambo."

"Nimechoka, Mama Nelly."

Na jambo lile halikusemwa.

Asubuhi yake, kabla ya kushuka kazini, Stanslaus alijibanza nyuma ya turubai, akapaka dawa, akafunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nusu saa, alisema yule. Lakini nusu saa ni ya mtu ambaye mkewe amenung'unika chumbani, aliwaza. Wa kwake amenung'unika mbele ya mnada mzima. Akashuka nayo. Zamu yao ilikuwa ya masaa manane.

Baada ya masaa matatu alianza kuingiwa na ganzi, akajipa moyo kwamba dawa inafanya kazi. Yalipofika sita, nyundo ilimponyoka. Magesa, mwenzake wa zamu, alipommulika tochi, alipiga ukelele kwa walioko juu wavute kamba upesi.

Hospitalini daktari alisema kwamba yeye mwenyewe atapona. Kuhusu kile kiungo alisema wasubiri, na aliposema wasubiri alikuwa anatazama ukuta.

Siku ya nne Apolonia alikaa kando ya kitanda na shati la mumewe mapajani, analishona kwapani lilipochanika walipokuwa wanamvuta.

"Mimi nimekulalamikia lini?" aliuliza. Tangu mumewe aletwe alikuwa anauliza hilohilo. "Miaka tisa, nitajie siku moja tu. Mimi kwako nilikuwa nashiba, Stanslaus. Mwanamke hashibishwi na ukubwa. Anashibishwa na mtu asiyemkimbiza, anayemuuliza hapa au hapa. Wewe ulikuwa unauliza. Wenzangu nikiwasimulia walikuwa wananionea wivu, wa kwao hata viatu hawavui!"

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa lile shati.

"Sasa nani amekwambia nataka kubwa?"

Stanslaus alitaka kumpa mgongo, akashindwa. Mkono ulikuwa kwenye dripu, chini amefungwa bandeji mpaka mapajani. Hata kugeuka ilikuwa lazima nesi aje. Neno lenyewe lilikuwa fupi, *wewe*. Amwambieje mwanamke aliyelala sakafuni siku nne kwa ajili yake?

"Nitajie tu jina," Apolonia alisema. "Nimfuate. Nikamwonyeshe alichokifanya."

Stanslaus akafumba macho.

Apolonia alivuta pumzi, akailamba ncha ya uzi, akatunga sindano mara moja tu pale pale alipokaa, bila hata kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalikuwa makali hivyo tangu usichana.

Nje, barabarani, pikipiki ya matangazo ilikuwa inapita polepole, spika imefungwa nyuma.

"Ndugu zangu," sauti ya Apolonia ilisema kutoka kwenye ile spika, "mimi nilikuwa kipofu miaka sita. Nilikuwa nashikwa mkono hata kwenda chooni, mpaka nilipotumia dawa hii ya macho..."

Sindano ikabaki hewani.