Mawe Juu ya Banda

"Miaka thelathini nafuga kuku, na hakuna kuku aliyewahi kunishinda," bibi wa kitanda cha nne aliwatangazia wagonjwa wenzake. Kisha akautazama mguu wake wa plasta, uliofungwa kamba na kuning'inizwa juu. "Isipokuwa yule niliyemkanyaga nikaenda chini kama gunia. Na yeye hakupoteza hata unyoya."

Wodi ya wanawake ikacheka. Bibi alikuwa anatazama dirishani. Wingu lilikuwa limeshuka, jeusi kama kitako cha sufuria.

Nyumbani, mwendo wa saa nzima kwa basi, kulikuwa na kuku kumi na mmoja kwenye banda alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo maana lilivuja. Mmoja wao, yule mkali waliyembandika jina la Mama Mkwe, alikuwa analalia mayai. Zilibaki siku mbili tu yaanguliwe. Maji yakiingia, ni mayai ya kutupa.

Akatoa simu chini ya mto.

"Mzee wangu, uko wapi?"

"Bandani," alijibu mume wake.

"Mfereji?"

"Nimeshachimba, umezunguka banda lote."

"Magunia?"

"Nimeyashonea kwenye wavu, upande wa upepo. Sasa nabeba maranda makavu ya kutandaza chini."

"Mbona unahema?"

"Mazito, bibie."

Maranda ya seremala, mazito! Bibi alikuwa akibeba gunia zima kwa mkono mmoja. Akajisemea moyoni kwamba uzee hauna adabu.

"Basi mwite jirani akusaidie."

"Jirani kasafiri. Mpaka Jumapili."

"Na mawe ya kukandamizia bati?"

"Si uliniagiza Alhamisi? Nilipanda siku hiyo hiyo. Bati lilikuwa na utelezi."

Tangu Alhamisi hiyo hakukanyaga wodini. Kabla ya hapo alikuwa haji bila chupa ya supu, akiapa kwamba kaipika mwenyewe, na harufu ya hoteli ya stendi imemjaa shati zima. Sasa alisema kuku hawaachiki wakati kama huu. Bibi aliridhika. Supu angeikosa; kuku wawe na mtu.

Mlango ukafunguliwa. Kitoroli cha chai kiliingia, gurudumu moja likilia kama kifaranga aliyebanwa mlangoni. Mgawa chai, mama mnene mwenye utani na kila mgonjwa, akasimama miguuni pa kitanda.

"Bibi harusi wa kitanda cha nne, sukari vijiko vingapi?"

"Viwili. Na usinicheleweshe, niko kazini."

Mama akamimina, akasukuma kitoroli chake mpaka mwisho wa wodi, akatokea mlango wa pili.

"Bibie, niache nimalizie," mume alisema kwenye simu, haraka haraka.

"Subiri. Nisikilizishe Mama Mkwe. Msogezee simu."

"Hataki simu. Kanuna."

"Huyo ndiye. Hajabadilika."

Mvua ikaanguka ghafla. Ilipiga bati la wodi kwa kishindo, watu wakavuta mashuka. Na ndani ya simu, papo hapo, mvua ikapiga bati.

"Imefika na huko?"

"Imefika," mume alisema.

Bibi aliibana simu sikioni. Kwa mguu huu hata choo alikuwa anaomba aletewe kitandani, angefanya nini? Alichoweza ni kusikiliza. Basi akafumba macho, akalisikiliza bati la banda lake likipigwa, akayahesabu mawe moja moja kama anayaona, akamwona Mama Mkwe amejitanua juu ya mayai, na mzee wake amesimama mlangoni na koleo, amelowa.

"Usiondoke hapo," akamwambia. "Hata iweje."

"Siondoki," mume alisema. "Nitaondokaje?"

Nyuma ya sauti yake kitu kikalia, kama kifaranga aliyebanwa mlangoni. Kikakaribia. Kikasimama.

"Bwana harusi wa kitanda cha tisa," sauti ya mama mmoja ilisema ndani ya simu, "shusha mkono, na hiyo plasta usiitingishe. Sukari vijiko vingapi?"

Mvua ilipiga bati.

"Ni jirani huyo," mume alisema. "Karudi."