Ala ya Kisu

Siwema aliikuta chupa ya kimeng'enya mezani, kando ya barafu badala ya ndani yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha hapo, alipokwenda kumfungulia mwalimu wake, Daktari Mbarouk, mlango wa maabara.

Kimeng'enya hicho huzaliwa kama kisu ndani ya ala, kipande cha mwili wake kikiziba makali. Kimoja kikipata joto huvua ala yake, kisha huvivua vingine vyote. Miezi minane Siwema alikuwa akilipima umbo lake, aamue kama ala ni sehemu ya kisu au kitu kinachojitegemea. Chupa nyingine hakuwa nayo.

"Ala umeiweka kundi gani, mwanangu?" Daktari aliuliza akivuta kiti.

"Nipe dakika moja, mwalimu."

Alidondosha maziwa ya chai kwenye kipande cha kioo, akaongeza tone kutoka chupani. Kama visu vimeshatoka alani, vingeula ule weupe.

"Na maziwa ya nini?"

Siwema alikiinamia kioo. Pembeni mwa tone palikuwa na duara jembamba, angavu kama maji. Akakisogeza kioo kivulini, asije akalisingizia jua la dirishani, akainama tena.